Visu Vitatu vya Mpwa Wangu: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Kisu cha Mfukoni

Mwana wa dada yangu ni fundi wa umeme na friji, na wakati wa kisa hiki alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja upande wa Nyali, Mombasa, huku akiishi Likoni, kwa hiyo kila siku ya kazi alivuka kivuko mara mbili na mkoba wa vifaa begani. Mwanzoni mwa 2022 alinijia nyumbani, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimefungwa bendeji, akatoa visu vitatu vya kukunja, akavipanga mezani kwangu, akasema, "Mjomba, nimechoka kuvibeba vyote. Niambie nibaki na kipi." Nilimwambia anywe chai kwanza, kwa sababu swali lake lilikuwa limebeba maswali mengine ndani yake, na kidole kile kilikuwa tayari kimejibu moja.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wengi wetu hatukichagui kisu cha mfukoni. Tunakipata kwa zawadi, kwa urithi au kwa bei nafuu, tunakitia mfukoni, kisha tunashangaa kinapotukata, kinapoota kutu, au kinapotuweka kando mbele ya askari. Mpwa wangu yalimfika yote matatu, na kila kisu kilikuwa na taabu yake.

Kisu cha kwanza kilikuwa Okapi, chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota, na ndicho alichokipenda kuliko vingine kwa kuwa alikinunua kwa pesa zake mwenyewe. Ni kisu chenye asili inayotugusa: kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na nchi ambayo leo ni Tanzania bara ilikuwa mojawapo. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimtambulisha mwaka mmoja kabla, 1901. Tangu 1988 visu hivi vinatengenezwa Afrika Kusini. Mgongoni mwa mpini pana springi ndefu ya chuma yenye pete, na bapa linapofunguliwa hupita meno kadhaa na kutoa mlio wa kre-kre-kre mpaka likafika mwisho na kushikwa imara. Huwezi kulikunja tena mpaka uivute pete. Kwa uimara wa komeo na kwa bei yake, sina neno baya la kusema juu yake.

Taabu ya Okapi ya mpwa wangu ilikuwa katika mambo mawili mengine. La kwanza ni chuma chake, ambacho ni cha kaboni. Chuma cha namna hii hunoleka upesi na hupata makali mazuri, lakini hakistahimili chumvi. Mtu anayevuka bahari kila siku, akatokwa na jasho, akakitia kisu mfukoni baada ya kumenyea embe, hapati wiki mbili kabla ya kuona madoa. Hapa inafaa kutofautisha: weusi au ukijivu unaotanda juu ya bapa baada ya kukata limau au chungwa ni rangi tu, hauli chuma, na kwa kiasi fulani hukikinga, wekundu unaoacha unga kwenye kidole ndio kutu. Bapa la mpwa wangu lilikuwa na wekundu karibu na bawaba, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na mahali hapo ndipo kutu inapofanya kisu kigome kufunguka.

La pili ni sifa. Jioni moja alikitia kisu hicho mfuko wa nyuma wa suruali badala ya kukiacha ndani ya mkoba, akafika kivukoni akiwa amekwisha vua sare ya kazi, na askari aliyekuwa akikagua abiria akakigusa kwa nje ya nguo. Alipoambiwa akitoe na akifungue, kisu kilitoa mlio wake mbele ya watu, na kina mama waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakarudi hatua. Aliwekwa kando karibu saa nzima, mpaka msimamizi wake alipopigiwa simu na kueleza kwamba kijana ni fundi wake. Simlaumu askari yule hata kidogo. Mombasa imepitia vipindi vya kuumizwa na magenge ya vijana wenye visu na mapanga, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kama ya Tanzania, inamtia hatiani mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Sheria haikuuliza kama kisu ni kizuri, bali kama kuna sababu na kama watu wameogopa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, bila sare, bila mkoba, mwenye bapa la zaidi ya sentimita 9 linalofunguka kwa mlio, alikuwa na sababu lakini hakuwa na cha kuionyesha.

Kisu cha pili kilikuwa Opinel namba 8, alichotumiwa na binamu yake aliyeko Ufaransa. Hiki ni kisu cha wakulima wa Savoie, eneo la Ufaransa, kilichoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Namba iliyo kwenye mpini hueleza ukubwa, na namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha hulifunga bapa lisijikunje, na ufundi huo haujabadilika sana tangu hapo kwa sababu hakuna kilichobaki cha kubadilisha. Chake kilikuwa cha chuma kisichoota kutu, kwa hiyo bahari haikumsumbua. Kilichomsumbua ni mpini. Mbao hunywa maji na kuvimba, na katika unyevu wa pwani wakati wa masika mpini wake ulilibana bapa hata akawa anatafuta koleo la kulivutia nje. Dawa yake ipo, nayo ni kuukausha mpini vizuri, kuulainisha kidogo ndani ya mfereji kwa msasa, na kuupaka mafuta. Nilimfanyia kazi hiyo siku ileile, na kisu kikafunguka kwa ukucha.

Kisu cha tatu ni kile chekundu cha Uswisi, Victorinox yenye urefu wa sentimita 9.1 ikiwa imekunjwa, aina inayoitwa Spartan, aliyoachiwa na mgeni wa hoteli. Karl Elsener alifungua karakana yake kijijini Ibach mwaka 1884, na kisu cha afisa, ambacho ndicho babu wa visu vyote vyekundu tunavyoviona, kilisajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Spartan ina bapa kubwa na dogo, kifungua kopo ambacho ncha yake hutumika kama bisibisi ndogo, kifungua chupa chenye bisibisi pana na pengo la kumenyea waya, kizibuo, msharasi, kibanio na kijiti cha meno, na uzito wake wote ni takriban gramu 60. Kisu hiki hakina komeo. Bapa lake linashikiliwa wazi na springi tu, na hicho ndicho kilichomkata.

Tukio lenyewe nilimtaka alisimulie polepole, akiwa amekishika kisu, ili tuone kila hatua. Alikuwa juu ya ngazi, anataka tundu la pili katika kisanduku cha plastiki cha kuunganishia nyaya, na kekee ilikuwa chini. Akafungua bapa kubwa, akaiweka ncha kwenye plastiki, akasukuma na kuzungusha. Plastiki ilikuwa ngumu, ncha ikanasa, na yeye akaendelea kusukuma huku akiuinamisha mkono. Nguvu iliyokuwa ikienda mbele ikageuka kuwa nguvu ya kulikunja bapa, springi ikashindwa, bapa likarudi nyumbani kwake, na nyumbani kwake palikuwa na kidole. Alishonwa nyuzi tatu.

Watu wengi wakisikia hivyo husema kisu ni kibovu, anunue chenye komeo. Sikubaliani nao kwa sehemu kubwa. Kisu cha springi kimeundwa kwa kazi ambayo makali yanabonyezwa chini, kwa sababu kila ukibonyeza makali kwenye kitu, bapa linazidi kusukumwa kuelekea upande wa kufunguka. Unapochoma kwa ncha au unapolivuta bapa lililonasa, unaisukuma springi upande ambao haikuwekewa. Zaidi ya hayo, kisu kilekile kilikuwa na kifaa cha kazi ile: msharasi, ambao uko mgongoni katikati ya mpini, hufunguka ukasimama kama herufi T, na nguvu ya kiganja hupita moja kwa moja mpaka kwenye ncha bila kuuinamisha. Mpwa wangu alikuwa nacho kisu hicho kwa karibu mwaka mzima na hakuwa ameufungua msharasi hata mara moja, akidhani ni wa washona viatu.

Kabla ya kumpa uamuzi wowote nilimpa daftari dogo, nikamwambia kwa wiki mbili aandike kila mara alipotamani kisu, hata kama hakukitumia: alikata nini, alikuwa wapi, na nani alikuwa karibu. Napendekeza njia hii kwa yeyote anayetaka kuchagua, kwa sababu kumbukumbu hutudanganya. Sisi hukumbuka siku moja tuliyokata kamba nene tukiwa hatarini, na tunasahau siku arobaini tulizofungua maboksi.

Daftari liliporudi, lilieleza maisha tofauti na yale aliyoyadhania. Kazi nyingi zaidi zilikuwa ndogo mno: maboksi ya vipuri, mifuko ya plastiki, vikaza vya plastiki vya kufungia nyaya, utepe wa gundi, tunda la mchana. Mara kwa mara kilichotakiwa hakikuwa kisu bali bisibisi, ya kufungulia kifuniko cha swichi wakati mkoba uko gorofa nyingine. Kazi nzito za kukata zilikuwa chache, na zote zilitokea kazini, mahali ambapo mkoba wa vifaa haukuwa mbali. Na jambo ambalo sikulitarajia: mara kadhaa aliandika kwamba alitamani kisu lakini hakukitoa, kwa kuwa alikuwa ukumbini mbele ya wageni, au ndani ya matatu, au karibu na watoto. Safu hiyo ya daftari ndiyo iliyoamua mambo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinitia wasiwasi kuliko kidole. Mara tatu alikuwa ameandika kwamba alimenya waya kwa bapa. Nikamuuliza kama alihakikisha kwa testa kwamba umeme umekatwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mara moja hakuhakikisha. Nilimkalisha nikamweleza kwa ukali wa mjomba, na nitaeleza hapa pia. Mpini wa plastiki wa kisu cha mfukoni si kihami, yaani haukukingi na umeme. Chini ya plastiki ile nyembamba pana mabamba ya chuma yanayoungana na bapa, na mgongo mzima wa kisu ni chuma kitupu ambacho vidole vyako vimekilalia. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na unaua. Visu vya mafundi vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi karibu na umeme huwa na kihami kinene mpaka karibu na makali, na hubeba alama ya volti 1000 kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900. Hata hivyo ni kinga ya ajali, si ruhusa ya kufanya kazi kwenye waya wenye umeme. Na kumenya kwa bapa lolote huacha mkwaruzo kwenye shaba. Hapo ndipo waya unapokatika baadaye, au unapopata moto kwa sababu njia imepungua. Koleo la kumenyea waya ndilo la kazi hiyo. Kwa hiyo kazi ya waya niliiondoa kabisa katika hesabu ya kisu cha mfukoni.

Baada ya hapo uamuzi haukuwa mgumu. Kisu cha kila siku, cha mfukoni, kikawa ni kile chekundu cha Uswisi, kilekile kilichomkata. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba ndicho pekee kati ya vitatu kinachojibu kazi za daftari, pamoja na zile za bisibisi. Sababu ya pili, ambayo mimi naipa uzito mkubwa zaidi, ni kwamba ndicho pekee anachoweza kukitoa mbele ya mgeni, mama mzee au askari bila mtu kurudi hatua. Kisu ambacho unaogopa kukitoa umekibeba bure. Chuma chake si kigumu sana, takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, na wapenzi wa visu hulalamika kwamba makali yake huisha mapema. Lakini chuma laini kiasi hicho hunoleka kwa dakika chache kwenye kinoo cha kawaida, ukililaza bapa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na kwa fundi wa kawaida hilo ni jambo jema. Heri kisu unachoweza kukinoa mwenyewe jikoni kwako.

Opinel ilikwenda jikoni na kwenye kapu la chakula, kwa matunda, mkate na samaki wa kuchoma, kazi ambayo bapa lake jembamba huifanya vizuri kuliko visu vingi vya jikoni ninavyovijua. Okapi tuliisafisha kutu kwa msasa laini, tukaipaka mafuta, na dada yangu akaichukua shambani kwake Matuga. Katika mkoba wa kazi nilimtaka aongeze vitu viwili: kisu cha wembe wa kubadilisha kwa ajili ya maboksi na vikaza vya plastiki, maana ni vibaya kumaliza makali ya kisu kizuri kwa katoni, na kisu cha fundi umeme chenye kihami. Vyote viwili vinakaa ndani ya mkoba, pamoja na kitambulisho cha kazi.

Kisa kingeishia hapo, lakini mwaka 2023 alipata kazi Uingereza, na akaniuliza kwa simu afunge kipi. Nilifurahi kwamba aliuliza kabla ya kusafiri. Kisu kilikwenda katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege, maana katika mkoba wa mkononi kingeishia kwenye pipa la ukaguzi. Kisha nikamsomea sheria ya huko, ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa makini. Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, kifungu cha 139, inakataza kubeba hadharani kitu chenye makali au ncha bila sababu nzuri, na inaruhusu kitu kimoja tu: kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahakama ziliamua kwamba kisu kinachojifunga kwa komeo kikiwa wazi hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo, hata kama ni kifupi. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 4.

Ona jinsi mambo yalivyogeuka. Opinel namba 8, ambayo pete yake ingekinusuru kidole, inavunja masharti yote mawili: ina komeo na imezidi urefu. Okapi vivyo hivyo. Kisu chekundu kisicho na komeo, ambacho kila mtu alimwambia akitupe, ndicho pekee kinachoruhusiwa mfukoni bila kutoa maelezo. Naamini sheria hiyo imewanyima mafundi usalama wa vidole vyao, na nalisema hili kwa moyo mzito kwa kuwa najua vilevile ni akina mama wangapi wa nchi ile wamezika watoto waliochomwa visu. Fundi aliye kazini anaweza kubeba chenye komeo kwa sababu ya kazi, lakini sababu hiyo haimfuati sokoni jioni wala Jumapili. Nilimkataza pia neno moja: akiulizwa kwa nini ana kisu, asiseme kamwe kwamba ni cha kujilinda, kwa sababu jibu hilo peke yake huweza kukigeuza hata kisu kidogo kuwa silaha mbele ya sheria. Aseme kweli, kwamba anafungulia maboksi na kumenyea matunda. Na akienda mahakamani au uwanja wa ndege, akiache nyumbani.

Ameishi nacho huko mpaka sasa. Msimu wa baridi wa kwanza alinitumia picha ya kisu kikiwa nusu wazi, akilalamika kwamba bapa limekuwa zito kufunguka na akidhani ni kutu. Nilipotazama bawaba niliona weupe, si wekundu. Alikuwa amekipaka mafuta ya nazi kama nilivyomfundisha, na mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kwetu Mombasa hatulioni kwa urahisi. Nilimwambia akioshe kwa maji ya moto na sabuni, akifungue na kukikunja mara kadhaa ndani ya maji, akikaushe vizuri, kisha atie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bawaba, na aufungue na msharasi pia.